Ubingwa wa Wanawake Upo, Ngazi ya Kuendelea Iko Wapi?

Mwaka 2018, kwenye uwanja wa Magny-Cours nchini Ufaransa, Ana Carrasco wa Hispania alimaliza mbio za mwisho za msimu wa World Supersport 300, daraja la dunia la pikipiki ndogo, akiwa wa 13. Nafasi hiyo ilimtosha. Alifikisha pointi 93, mpinzani wake wa karibu akabaki na 92, na kwa tofauti ya pointi moja akawa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia katika mbio za uwanjani za pikipiki za mtu mmoja. Hakukuwa na daraja la wanawake. Alishindana na wanaume, kwa kanuni zilezile na uwanja uleule. Mwaka mmoja kabla, huko Portimão nchini Ureno, alikuwa ameshakuwa mwanamke wa kwanza kushinda mbio moja ya ngazi hiyo.

Miaka sita baadaye, mwaka 2024, Carrasco alitwaa taji jingine la dunia. Safari hii lilikuwa la wanawake watupu: WorldWCR, mashindano mapya ya Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki, FIM, yanayofanyika wikiendi moja na Superbike ya dunia. Papo hapo mabishano yakaanza. Wapo waliosema michuano ya wanawake peke yao ni kurudi nyuma, maana tayari imeonekana kwamba mwanamke anaweza kuwashinda wanaume. Wengine wakasema huu ndio usawa wenyewe na kazi imekwisha.

Kambi zote mbili zinaliangalia taji na kusahau kilicho chini na juu yake. Michuano ya wanawake ina thamani kubwa ikiwa kuna njia ya kuingilia kutoka chini na njia ya kutokea kwenda juu. Njia ya chini bado ni nyembamba mno, na ya juu mpaka juzi haikuwepo.

Tuanze na ukweli kwamba wanawake walizuiwa kwa kalamu. Mwaka 1962 Beryl Swain wa Uingereza alikuwa mwanamke wa kwanza kushiriki peke yake juu ya pikipiki katika Isle of Man TT, mbio za barabarani za kisiwa cha Man, daraja la cc 50. Gia ya juu ilimwishia njiani, akamaliza wa 22. Baada ya hapo leseni yake ya kimataifa iliondolewa, na mlango ukafungwa hadi mwaka 1978, alipoingia Hilary Musson. Hiyo ni miaka 16. Msichana aliyekuwa na miaka 10 Swain akishiriki alikuwa na miaka 26 mlango ulipofunguliwa tena, na umri wa kujifunza mbio ulikuwa umeshampita. Anayeuliza kwa nini historia ya mchezo huu ina majina machache ya wanawake aanze kuhesabu kutoka hapo.

Majina yenyewe yapo, ila yametawanyika. Taru Rinne wa Finland alimaliza wa 7 katika daraja la cc 125 la Grand Prix, mbio za dunia za pikipiki, huko Hockenheim mwaka 1989. Tomoko Igata wa Japani akafika nafasi hiyohiyo ya 7 huko Brno mwaka 1995. Katja Poensgen wa Ujerumani alipata pointi katika daraja la cc 250 kwa kumaliza wa 14 huko Mugello mwaka 2001. Carrasco mwenyewe, akiwa kijana wa Moto3, daraja la chini la Grand Prix, alimaliza wa 8 huko Valencia mwaka 2013. Ukiyapanga matokeo haya kwa miaka, kinachoonekana haraka ni utupu uliopo kati yake. Kila mmoja alikuja peke yake na kuondoka peke yake, na aliyemfuata alianza upya bila fundi aliyewahi kumwandalia mwanamke pikipiki na bila mfadhili aliyewahi kumdhamini mwanamke hata msimu mmoja. Kwa hiyo hesabu ni rahisi. Ikiwa watoto mia moja wanaingia shule za mbio na wasichana ni wawili, kumpata mmoja kwenye mstari wa kuanzia wa dunia ni bahati nasibu, hata kama kipaji kimegawanywa sawasawa.

Ipo hoja ya nguvu za mwili, na inastahili jibu la kina kwa sababu ndiyo inayorudiwa zaidi. Dani Pedrosa, mwanamume wa takribani sentimita 160 na kilo 51, alishinda mbio 31 za MotoGP, daraja la juu kabisa la Grand Prix, na mataji matatu ya dunia katika madaraja ya chini. Kwa kimo na uzito huo wapo wanawake wengi. Angelle Sampey alitwaa ubingwa wa daraja la Pro Stock Motorcycle la NHRA, chama cha mbio za mstari ulionyooka nchini Marekani, mara tatu mfululizo, 2000, 2001 na 2002, akiwapiga wanaume kwenye mbio ambako sekunde hugawanywa hadi vipande elfu. Laia Sanz wa Hispania alimaliza mbio za jangwani za Dakar za 2015 akiwa wa 9 katika orodha nzima ya pikipiki, baada ya takribani wiki mbili za mchanga na mawe. Kirsi Kainulainen wa Finland, akiwa abiria kwenye pikipiki yenye kigari cha pembeni, akawa bingwa wa dunia mwaka 2016 pamoja na dereva wake Pekka Päivärinta. Kazi ya abiria huyo ni kujirusha kutoka upande mmoja hadi mwingine kila kona, mwili ukiwa sentimita chache juu ya lami. Atakayeiita kazi ya mtu dhaifu hajawahi kuitazama.

Mwili una kazi, hilo halina ubishi, ila kazi yenyewe hugawanyika tofauti na watu wanavyodhani. Wakati wa kufunga breki kwa nguvu inayokaribia mvuto mmoja wa dunia, mwendeshaji wa kilo 60 anazuia mzigo wa kilo 60 usimrushe mbele, na wa kilo 80 anazuia kilo 80. Hapo mwepesi ana nafuu, mradi abane tangi kwa mapaja na asijishikilie kwa mikono. Ugumu wake huja kwenye kona za kupokezana, kushoto kisha kulia, kwa sababu pikipiki ni nzito vilevile na magurudumu yanayozunguka kwa kasi hukataa kugeuzwa bila kujali aliyepanda ana kilo ngapi. Dawa inajulikana: magurudumu mepesi pale kanuni zinaporuhusu, vishikio vya usukani vilivyopanuliwa kidogo ili mkono upate wenzo mrefu zaidi, raba zenye kunata pembeni mwa tangi, na mazoezi ya mgongo, nyonga na mapaja kabla ya mikono. Misuli ya kigasha kuvimba na kufa ganzi huwapata wanaume kwa wanawake, na mara nyingi chanzo ni mkao mbaya unaolazimisha mikono kufanya kazi ya miguu.

Mkao mbaya una chanzo chake pia, na hapo ndipo ukosefu wa usawa hujificha mahali ambapo watu wengi hawatazami: kwenye springi.

Pikipiki ya kiwandani huandaliwa kwa mtu wa kilo 75 hadi 80 hivi. Mpandishe mwendeshaji wa kilo 55 na springi hizohizo, shokapu itafanya kazi kwenye theluthi ya juu tu ya mwendo wake. Nyuma hubaki juu, mbele haizami vya kutosha wakati wa breki, tairi halipati mzigo wa kuligandamiza lami. Mwendeshaji hueleza jambo moja: pikipiki inateleza bila taarifa na inatoka nje ya mstari katikati ya kona. Kocha asiyejua husikia woga. Anamwambia aongeze ujasiri, naye anaongeza, kisha anaanguka.

Kupima ni kazi ya dakika 20, watu watatu na futi ya utepe. Nyanyua pikipiki hadi tairi la nyuma lielee na shokapu ifunguke kabisa, kisha pima kutoka ekseli ya nyuma hadi alama uliyobandika kwenye mkia, wima juu yake. Tuseme ni milimita 560. Ishushe isimame kwa matairi yake bila mtu, ibonyeze chini, iachie ipande yenyewe, pima tena. Tofauti hiyo ni mbonyeo wa pikipiki peke yake, na kwa nyuma itakiwe milimita 5 hadi 10. Mara ya tatu mwendeshaji apande na vazi lote la mbio, suti, buti, glovu na helmeti, akae mkao wa mbio na miguu kwenye vikanyagio huku mtu wa pili akishika pikipiki kutoka mbele. Tofauti kati ya kipimo hiki na cha kwanza iwe milimita 30 hadi 35. Pima mara mbili, mara moja baada ya kubonyeza na mara moja baada ya kunyanyua kidogo, chukua wastani, kwa sababu msuguano ndani ya shokapu hudanganya.

Kosa linalorudiwa sana ni hili. Fundi hulegeza mkazo wa awali wa springi, yaani jinsi inavyobanwa kabla ya kubeba mzigo, mpaka mbonyeo wa mwendeshaji unafika milimita 32, anaridhika, anafunga sanduku la spana. Hajarudi kupima pikipiki peke yake. Akirudi atakuta inabonyea milimita 18 au 20 bila mtu, na hiyo ni ishara wazi kwamba springi ni ngumu mno kwa aliyepanda. Kulegeza mkazo hakulainishi springi. Hubadilisha kimo tu. Lazima springi yenyewe itolewe na kuwekwa laini zaidi. Za nyuma mara nyingi huuzwa kwa hatua za niutoni 5 kwa kila milimita, za mbele kwa hatua za niutoni 0.5. Mwendeshaji mwepesi anaweza kuhitaji kushuka hatua mbili au tatu. Baada ya kubadilisha, punguza pia kizuizi cha kurudi, kile kinachopunguza kasi ya shokapu kufunguka, kwa kliki chache, la sivyo springi laini itashindwa kufunguka kwa wakati, na kwenye matuta yanayofuatana shokapu itaendelea kujikunja hadi isibaki na mwendo wowote.

Matairi hufuata mantiki hiyohiyo. Tairi la mbio hupashwa moto kwa blanketi la umeme hadi nyuzi 80 au 90 kwa muda wa kama saa moja, lakini likishaingia uwanjani joto lake hutegemea mzigo na kukunjika kwake. Mwendeshaji mwepesi hulipatia joto kidogo, hivyo tairi hupoa kwenye maeneo yaliyonyooka na kukosa mshiko kwenye kona ya kwanza inayofuata. Pedrosa mwenyewe alisumbuliwa na jambo hili siku za baridi, na hakuna aliyesema tatizo ni jinsia yake. Marekebisho ni kuchagua mchanganyiko wa raba laini zaidi, na kushusha upepo kidogo, hatua ya baa 0.1 kwa wakati, bila kuvuka kiwango cha chini alichoweka mtengenezaji. Chini ya hapo tairi huharibika kwa ndani, na katika mashindano mengi ni kosa lenye adhabu.

Kisha mikono. Kidole kifupi kinachofikia mkono wa breki kwa ncha tu kinapoteza nguvu na wepesi wa kudhibiti. Sogeza mkono wa breki karibu kwa kirekebishi chake hadi vidole viwili vikae kwenye kiungo cha kwanza, ukihakikisha kwamba ukikamua hadi mwisho haugusi vidole vilivyobaki kwenye kishikio. Pampu kuu ya breki nayo huchaguliwa. Zile zenye pistoni ya milimita 19 huja na umbali wa wenzo wa milimita 18 au 20. Ule wa 18 unahitaji nguvu ndogo ya kidole na una mwendo mrefu kidogo, na kwa mkono mdogo mara nyingi ndio unaofaa. Haya yote ni mambo ya kawaida kwenye karakana ya timu kubwa. Hufanyiwa kila mwanamume mfupi. Mwanamke wa timu ndogo, aliyekodishwa pikipiki ya mtu mwingine kwa wikiendi mbili, huambiwa hakuna muda.

Suti ya ngozi ni suala la usalama kabla ya starehe. Iliyokatwa kwa mwili wa mwanamume humbana mwanamke nyongani na kumlegea kiunoni. Ngozi iliyolegea huzunguka anapoburuzika, kinga ya kiwiko inahamia upande na mfupa unakutana na lami. Ikimbana sana kifuani, mfuko wa hewa wa usalama ulio ndani ya suti hukosa nafasi ya kufunguka, au ukifunguka humkandamiza mbavu. Tangu 2018 mfuko huo ni lazima katika mbio za Grand Prix, kwa hiyo suti inayofaa si anasa. Jambo la kuangalia wakati wa kununua: kinga ya mgongo yenye kiwango cha EN 1621-2 na ya kifua yenye EN 1621-3, kinga za nyonga zinazokaa juu ya mfupa ukiwa umekunja miguu kama uko juu ya pikipiki, na mikono ya suti isiyopanda unaponyoosha mikono mbele. Ijaribiwe mtu akiwa amekaa mkao wa mbio. Akisimama wima, suti sahihi humvuta mabegani, na wengi huikataa kwa sababu hiyo na kuchukua iliyo pana.

Kanuni za uzito nazo zina upande wake. Moto3 hupima mwendeshaji na pikipiki kwa pamoja, na kiwango cha chini ni kilo 152. Mwenye kilo 48 na mavazi ya kilo 11, juu ya pikipiki ya kilo 85, anafika 144 na lazima pikipiki yake ifungwe vipande vya madini ya risasi vya kilo 8. Kanuni hii naiona ya haki. Inaondoa hoja kwamba wepesi ni upendeleo, na fundi mzuri hufunga vipande hivyo chini na karibu na kitovu cha uzito, mahali vinapoumiza kidogo. Superbike ya dunia ilianza mwaka 2024 kutoza uzito waendeshaji wepesi kwa kupima dhidi ya kilo 80 za mtu na mavazi yake: nusu ya upungufu huongezwa kwenye pikipiki, kikomo kilo 10. Mwanamke anayefika kilo 67 na mavazi anaongezewa kilo 6.5. Hilo nalo linabebeka. Ninachokipinga ni kuongeza uzito huku ukimnyima springi zinazomfaa, kwani hapo kanuni inafuta faida ya mwili mdogo na kuacha hasara zake zote.

Turudi chini kabisa, kwa watoto. Mpanda pikipiki wa dunia wa leo kwa kawaida ameanza akiwa na miaka minne hadi sita. Akifika kumi ameshazunguka viwanja vidogo maelfu ya mara. Mfululizo wa FIM MiniGP, ulioanza mwaka 2021, huchukua watoto wa miaka 10 hadi 14 juu ya pikipiki ndogo za Ohvale zinazofanana, na hapo ndipo usawa ni rahisi kupatikana kuliko mahali pengine popote. Katika umri huo tofauti za nguvu ni ndogo, pikipiki ni nyepesi, na anayeshinda ni yule aliyezunguka zaidi. Wasichana wengi huanza wakiwa na miaka 14 au 16, baada ya kusubiri kuonyesha kwamba hamu yao si ya kupita, wakati kaka zao walipandishwa bila kuulizwa. Ule upungufu wa miaka minane au zaidi haufutiki kwa kambi ya wiki mbili.

Shule au klabu inayotaka kubadilisha hili haihitaji mpango mkubwa. Inahitaji pikipiki ndogo tatu au nne za kuazima, suti na buti za saizi za watoto zikiwemo za wasichana, koni za plastiki na eneo la lami tambarare. Zoezi la msingi ni mzingo wa yai kati ya koni mbili zilizowekwa mita 25 hivi, mizunguko 10 kushoto, mapumziko, mizunguko 10 kulia, saa ikipimwa kila mara. Kocha aangalie macho ya mtoto yanatazama wapi na breki inaachiwa lini, asiangalie amelala kiasi gani. Wasichana waingizwe watano au sita kwa pamoja kila muhula. Anapoingia mmoja peke yake, huwa wa kwanza kuacha pindi jambo dogo likienda vibaya, na klabu huandika kwamba wasichana hawakupendezwa. Vyumba vya kubadilishia nguo na vyoo safi vya wanawake uwanjani vinasikika kama jambo dogo hadi umwone mzazi anayeamua kutomrudisha binti yake kwa sababu hiyo.

Sasa WorldWCR yenyewe. Iliundwa kwa pikipiki ya aina moja, Yamaha YZF-R7: injini ya silinda mbili ya cc 689, nguvu farasi 73 hivi inapotoka kiwandani, uzito wa kilo 188 ikiwa na mafuta. Matairi ni ya Pirelli kwa wote. Msimu wa kwanza ulikuwa na wikiendi sita, mbio mbili kila wikiendi, na ada ya ushiriki iliyotangazwa ilikuwa euro 25,000. Kwa mbio za dunia hiyo ni bei ya chini sana. Timu ya World Supersport, daraja lililo chini ya Superbike, huteketeza mara nyingi zaidi ya hapo. Juu ya ada kuna safari, fundi, ajali na siku za mazoezi, na hapo ndipo pengo hutokea ndani ya WorldWCR kwenyewe. Mwenye mfadhili hufanya siku 15 za mazoezi kabla ya msimu, seti mbili za matairi kila siku. Mwingine hufika uwanja asioujua kabisa na kupewa kipindi kimoja cha mazoezi kabla ya kupanga nafasi za kuanzia.

Kilichofanywa vizuri ni kuwaweka zaidi ya wanawake ishirini kwenye mstari mmoja. Kwa mara ya kwanza katika mbio za dunia za uwanjani, mwanamke wa nafasi ya 10 ana wa kumfukuza na wa kumkimbia, anajifunza kukaa kwenye kivuli cha upepo cha aliye mbele, kupigania mstari wa ndani, kutunza tairi la nyuma kwa mizunguko mitano ya mwisho. Ujuzi huo haupatikani ukiwa wa 27 peke yako, sekunde 40 nyuma ya kundi. Carrasco alishinda taji la kwanza, María Herrera, aliyekuwa wa pili, akatwaa la 2025. Wote wawili walishapita Moto3 kabla. Mataji mawili ya mwanzo yamekwenda kwa walioundwa na mfumo mchanganyiko miaka kumi iliyopita, na hilo linapaswa kuwatia wasiwasi waandaaji: WorldWCR bado haijatengeneza bingwa wake yenyewe.

Juu yake ndipo penye mwinuko mkali. Baada ya taji lake, Carrasco alihamia World Supersport mwaka 2025 akiwa na Honda CBR600RR. Kutoka pikipiki ya nguvu farasi 73 hadi daraja la pikipiki zenye zaidi ya 120, dhidi ya watu waliokaa humo misimu mitano, ni kuruka ngazi mbili kwa mguu mmoja. Breki hufungwa kwa umbali tofauti, vifaa vya elektroniki vya kudhibiti utelezi wa tairi vinahitaji lugha mpya kati ya mwendeshaji na fundi, na tairi la nyuma huisha kwa namna nyingine. Mtu huhitaji msimu mmoja kujifunza na wa pili kushindana. Mkataba wa wanawake mara nyingi huwa wa msimu mmoja. Matokeo hutabirika, na huandikwa kama hukumu juu ya wanawake wote.

Daraja jipya la World Sportbike, lililochukua nafasi ya Supersport 300 kuanzia 2026, linaweza kuziba pengo hilo, kwa sababu R7 ni moja ya pikipiki zinazoruhusiwa humo. Mwanamke aliyeijua injini hiyo kwa msimu mzima anaweza kuhamia bila kuanza na chombo kigeni. Fursa ya namna hii haijawahi kuwepo, na itapotea ikiachwa mikononi mwa soko la wafadhili. Waandaaji wanapaswa kumpa bingwa wa WorldWCR, na wa pili wake, nafasi iliyolipiwa katika Sportbike kwa misimu miwili, kwa masharti yaliyoandikwa: springi za uzito wake, siku zisizopungua sita za majaribio kabla ya mbio ya kwanza, na fundi mkuu asiyebadilishwa katikati ya msimu. Timu inayompokea ipewe punguzo la matairi au usafiri. Nafasi hizo zisitolewe kwa yeyote aliyeleta mfadhili mkubwa, maana hapo ndipo mpango wa namna hii huharibika: anayepanda ni mwenye pesa, anashindwa, na bingwa halisi anabaki nyumbani.

Kipimo cha kama jambo hili linafanya kazi kinaweza kuchukuliwa wikiendi yoyote madaraja hayo mawili yanapokutana uwanja mmoja. Chukua muda bora wa mzunguko wa mwanamke wa kwanza, wa tano na wa kumi kwenye WorldWCR, uweke kando ya muda wa R7 iliyo mbele zaidi kwenye Sportbike, lami na hali ya hewa vikiwa vilevile, ukikumbuka kwamba maandalizi ya injini na shokapu yanatofautiana kati ya madaraja hayo. Kwenye mzunguko wa sekunde 100, pengo la asilimia 2 ni sekunde mbili. Kwa mbio ya mizunguko 12 ni sekunde 24. Takwimu ya mwanamke wa kwanza itavutia magazeti, lakini ya kumi ndiyo ya kufuatilia mwaka hadi mwaka. Ikishuka kutoka asilimia 5 hadi 4, halafu 3, watoto wa MiniGP wameanza kufika. Isiposogea kwa misimu mitatu, pesa zinawekwa juu ilhali shule za chini hazina wasichana, na bajeti ihamishiwe huko.